Toleo Lililosafishwa

Wiki hii nimesikiliza albamu mpya za wasanii wa kujitegemea, na kila moja inaanza na mvua. Mvua ya kurekodiwa, halafu gitaa la taratibu, halafu kijana anaanza kunong'ona kama mtu aliyeambiwa mtoto amelala chumba cha pili. Moja imetoka Mwanza, nyingine Arusha, na moja sikujua hata imetoka wapi, kwa sababu msichana anayeimba ameificha lafudhi yake kwa bidii kubwa kuliko aliyoiweka kwenye mashairi. Sisi wa Singida mvua tunaijua. Tunaiomba, tunaisema vibaya, tunaisubiri mpaka mtama unanyauka shambani. Mtu akiniwekea mvua ya pambo kwenye wimbo usiohusiana nayo, nakasirika.

Kukasirika kwangu ni rahisi, na sina mpango wa kubadilika. Nauza mafuta ya alizeti na asali kwenye kibanda karibu na stendi, na mchana kutwa spika yangu ndogo inapiga muziki ambao majirani wanauita wa vichaa. Mzee mmoja wa heshima alisimama akasikiliza vijana wanaokwaruza magitaa mpaka yanalia, akaniambia, "Binti yangu, hiyo redio ipeleke kwa fundi." Nikamjibu ndiyo baba, nitaipeleka, nikamfungia mafuta yake. Wahakiki wengi ninaowasoma mtandaoni hawana hata robo ya ukweli wake.

Mimi pia natoa maoni. Kuna kundi letu la simu, wapenzi wa muziki huu tuliotawanyika mikoani, na kila kazi mpya ikitoka wanasubiri niseme. Sipambi maneno. Kijana mmoja alitoa albamu nzima ya upweke, nikaandika kwamba angekwenda kuwasaidia watu kupura alizeti angepona kabla ya wimbo wa tatu. Bendi moja iliyosifiwa sana niliisema kwamba ina kila kitu isipokuwa jambo la kusema. Walinuna. Na wanune tu, mimi nilikuwa nimetumia bando langu.

Lakini nikipenda, napenda. Mwaka huu yuko mama mmoja wa upande wa Dodoma anayepiga zeze na kuimba juu ya mumewe aliyeondoka bila kufunga mlango. Kiti alichokalia kinalia katikati ya wimbo, na hakutafuta kiti kingine. Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye muziki huu wa pembeni: nisikie kwamba mtu alikuwa mahali, na mahali pale palikuwa na vitu. Muziki wa studio kubwa umepigwa pasi mpaka humwoni mtu ndani ya nguo.

Albamu iliyonifundisha kusikiliza hivyo aliitengeneza rafiki yangu, kijijini kwao Unyambwa, nje kidogo ya mji. Tulisoma sekondari pamoja. Yeye ni Mnyaturu, mimi ni Mnyiramba, kwa hiyo sisi ni watani. Asiyeelewa utani wa kwetu atadhani ni mzaha tu. Mtani ana ruhusa. Naweza kumwita mchawi mbele ya wakwe zake, naweza kuchukua nyama kwenye sahani yake, na yeye hana haki ya kukasirika. Yeye naye akinitukana, hasira yangu naimeza na kucheka. Tangu tukiwa na sare za shule hatujawahi kuambiana neno lililo wima.

Albamu yenyewe aliirekodi kwa simu, na maikrofoni aliyoazima kanisani. Ngoma hakuwa nayo. Alikuwa na mama yake, aliyekaa uani anapepeta uwele. Ule mchakacho wa ungo ndio ukawa ngoma yake. Mama hakuambiwa aimbe. Aliimba kwa sababu alikuwa anapepeta, nyimbo za kwao za Kinyaturu, sauti imekauka kidogo, akiingia anapotaka na kutoka anapotaka, na mwanawe akimfuata nyuma na gitaa kama mtu anayemfuata mzazi sokoni. Kwenye wimbo wa nne kuku anakuja kudokoa uwele, mama anamfukuza, "kshii, toka!", halafu anarudi kwenye wimbo pale pale alipouacha, bila kupoteza hata pumzi. Niliposikia mara ya kwanza nilifunga kibanda mchana kweupe, nikakaa ndani na kulia. Kwenye kundi niliandika sentensi moja tu: hii ni kazi ya mtu. Hawakuamini kwamba ni mimi.

Aliiweka mtandaoni bure. Niliisikiliza kila asubuhi nikipanga chupa, mpaka nikawa nakijua kikohozi cha mama yule kuliko cha mama yangu mwenyewe.

Kisha studio moja ya Dar es Salaam ikaisikia. Walimwita, akapanda basi na gitaa lake, na aliporudi alikuwa na toleo jipya. Yeye mwenyewe aliliita toleo lililosafishwa. Nyimbo zilikuwa zile zile. Ungo ulikuwa umetolewa, badala yake kimewekwa kitu cha kompyuta kinachogonga sawasawa kama saa ya ukutani. Kuku hayupo. Na mama hayupo. Walimweleza kwamba wasikilizaji hawaelewi Kinyaturu, kwamba sauti ile ilikuwa inamfunika yeye mwimbaji. Mwanzoni kabisa, sitanii, waliweka mvua.

Alilituma toleo hilo kwenye kundi akaandika, "Mtani, sema neno." Nikasema. Niliandika maneno marefu, nikayapima, sikuweka hata kichekesho kimoja. Nilisema kwamba amemtoa mtu pekee aliyekuwa anaimba humo ndani na kujibakiza yeye anayesindikiza. Nilisema sauti ya gitaa lake haina pa kwenda, kwa sababu aliyekuwa analiongoza ameondolewa. Majibu yakaja mfululizo, vikatuni vya kucheka machozi. "Mnyiramba kaanza!" "Mtani leo kaamka vibaya!" Yeye mwenyewe aliandika, "Wewe Mnyiramba unajua nini zaidi ya kulima vitunguu?" Wakacheka tena.

Nilikaa na simu mkononi nikijiona mjinga. Miaka yote nimemtania, na siku niliyotaka kumwambia la kweli hapakuwa na mlango wa kulipitishia.

Toleo lile liliingia redioni. Siku moja natoka Manyoni, basi likasimama Mkiwa, pale njia panda, na kwenye banda la chipsi toleo lile likawa linapigwa. Madereva wa malori walikuwa wanakula. Hapakuwa na aliyeinua kichwa, wala aliyesema zima. Nadhani hiyo ndiyo hadhira aliyoambiwa asiisumbue. Sikuwalaumu madereva, walikuwa na njaa. Nilimlaumu yeye, na ninamlaumu mpaka leo.

Jumapili iliyofuata nikapanda bodaboda hadi Unyambwa. Niliapa njiani kwamba safari hii nitasema uso kwa uso, taratibu, kama watu wasio watani. Nikamkuta amekaa uani na mama yake, ndiyo kwanza anamsikilizisha kazi mpya kwenye simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mtani wangu. Kaa hapa, msikilize mwenzako."

Mama alikuwa ameisogeza simu karibu na sikio, macho ameyafumba. Wimbo ulipokwisha akasema, "Nzuri." Akaishusha simu. "Na mimi niko wapi?"

"Upo mama," mwanawe akasema. "Nimekuweka chini kidogo. Hii simu spika yake ni ndogo."

Yule mama akairudisha simu sikioni. Nilimwona anavyojitafuta. Alikuwa amekunja uso, na kidole chake kinagonga goti kwa mwendo wa ungo, mwendo ambao haukuwamo tena.

"Mama, hayo si kweli," nikasema. "Humo ndani hayumo mtu anayepepeta. Amekutoa."

Rafiki yangu akacheka. "Mtani, usinigombanishe na mama yangu."

Na mama naye akacheka, akanipiga begani. "Mnyiramba huyu! Anatafuta ugomvi ili tumpe kuku aondoke." Akaniambia kuku nitapewa, nisijali. Halafu akamwambia mwanawe, "Nipigie tena."

Mama alipoingia jikoni nilimshika rafiki yangu mkono. Nikamwambia sitanii, naomba anisikilize kama dada yake. Nilimuuliza toleo la kwanza liko wapi, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimelitafuta mtandaoni nikalikosa. Akasema studio ilimtaka aliondoe, wasikilizaji wasije wakachanganyikiwa. Nikamuuliza kwenye simu je. Akasema alifuta, simu ilikuwa imejaa na alihitaji nafasi ya video. Aliyasema hayo huku anamenya muwa.

"Umefuta sauti ya mama yako."

"Si yupo jikoni pale?" akajibu. "Nikiitaka nitamwambia aimbe tena. Wewe nawe mtani, unazidisha."

Kuku nilipewa kweli, amefungwa miguu. Nilirudi naye mjini nikiwa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuipeleka. Siku iliyofuata kwenye kundi walitaka maoni juu ya albamu nyingine, ya dada mmoja mnong'onaji. Niliichana vibaya mno. Haikustahili yote yale, ilikuwa albamu ya wastani tu, lakini mvua yake ilinikuta pabaya.

Mama yule hakuugua muda mrefu. Ilikuwa karibu na mavuno, uwele umeinama shambani. Alilalamika kifua, akapelekwa hospitali, na kabla ndugu wa mbali hawajapata nauli akawa ametutoka. Nilipigiwa simu na mdogo wa marehemu, kwa sababu msiba ni lazima watani waarifiwe. Msiba bila watani ni kama watu wamekuja kuangalia tu.

Kazi ya mtani msibani, kwa asiyejua, ni kumwigiza marehemu. Tunavaa nguo zake, tunatembea mwendo wake, tunagomba alivyokuwa anagomba. Watu waliolia tangu alfajiri wanacheka mpaka wanashika mbavu, halafu wanapata nguvu ya kwenda kuzika. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi bila shida. Siku ile niliombwa na wanawake wa jikoni, na mmoja wao tayari alikuwa ameninyooshea khanga ya marehemu.

Nikaivaa. Nikachukua ungo wake ukutani, nikatia uwele, nikakaa uani pale pale alipokuwa anakaa. Mwanzoni nilifanya ya kawaida: nikajishika kiuno, nikamkaripia mkwe, nikahesabu kuku. Wakacheka. Halafu mikono ikaanza kupepeta na mimi nikaimba.

Kinyaturu sikijui. Maneno ya nyimbo zile niliyajua kwa sikio tu, kama kasuku, kwa asubuhi zote zile nilizopanga chupa. Lakini nilijua anapovuta pumzi. Nilijua anapokohoa, anapochelewa, neno analolimeza. Niliingia alipokuwa anaingia. Na kwenye wimbo wa nne nikamfukuza kuku, "kshii, toka!", nikarudi pale pale nilipouacha. Uani pakalipuka vicheko, halafu vicheko vikageuka, bibi mmoja akaanza kulia kwa sauti akimwita marehemu kwa jina lake la usichana. Nami nilikuwa nalia huku nikiimba, na waliona ni sehemu ya kazi.

Nilimtafuta rafiki yangu kwa macho. Nilitaka anione. Nilitaka, niseme wazi, aumie. Niliwaza kwamba sasa amesikia, sasa amejua alichokifuta, na kwamba baada ya mazishi tutakaa tuzungumze kama watu. Nikamwona amesimama karibu na nguzo ya banda, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Kwa mkono mmoja alikuwa anajifuta. Mkono wa pili ulikuwa umeinua simu, ananirekodi.

Nilipomaliza akasogea, akachuchumaa mbele yangu. Sauti yake ilikuwa imekatika kwa kulia, na sidhani alikuwa anaigiza.

"Mtani, Mungu akubariki," akasema. "Rudia. Rudia kuanzia pale kwenye kuku. Kuna pikipiki imepita, haikutoka safi."

Nilitaka kumpiga na ule ungo usoni. Uwele wote umwagike, watu wanyamaze, aelewe mara moja katika maisha yake kwamba sitanii. Nikaangalia watu waliokuwa wametuzunguka, tayari wameanza kutabasamu, wanasubiri mtani atafanya nini. Ningempiga, wangecheka. Na yeye angecheka.

Nikarudia.