Pembe Iliyomwita Mama

Sauti ya pembe ya msaragambo ilipanda taratibu kutoka bondeni, kama ng'ombe aliyepotea kwenye ukungu. Huku Upareni, pembe ikilia, kila nyumba hutoa mtu na jembe kwa msaragambo, kazi ya wote: kulima barabara, au kuzibua ndiva, lile bwawa la udongo linalokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe mashambani. Asiyetoka hutazamwa vibaya kuliko mwizi. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na sisi watoto wa Suji tuliamini jambo hilo ni jema sikuzote.

Msimu ule wa machafuko baada ya uchaguzi, mama alipanda kwa Bibi, nilikoishi, kujificha. Same mjini alikuwa mtetezi wa haki za binadamu. Alizunguka vituo vya polisi akiuliza waliko vijana waliokamatwa, mpaka watu wasiojulikana wakaanza kumuulizia yeye. Nyumba nzima ilinuka tangawizi, na mama alishinda chumba cha ndani akiichambua, huku akinifundisha kwamba hata mwizi ana haki ya kusikilizwa. "Hata aliyeiba kuku wetu?" nilimuuliza. Bibi akadakia kutoka jikoni, "Asikilizwe, lakini kuku arudi."

Asubuhi moja pembe ikalia. Jirani yetu, Mzee Kajiru, alipita akiita kwamba ukuta wa ndiva unabomoka. Nilimshika mama kanga. "Mama, usiende."

"Ukibomoka, mahindi ya watu wote yanakwenda na maji. Nitawateteaje watu ninaowakimbia?"

Bibi alimpa jembe.

Nilimfuata. Ndiva ilikuwa nzima, maji yametulia, na kando yake watu wasiojulikana wamesimama na gari lisilo na namba. "Wageni hawa ndio walioniambia unabomoka, mwanangu," Mzee Kajiru alimwambia mama. Majirani wakalizunguka gari, majembe mabegani. "Haondoki mtu hapa," mmoja akasema. Mama akawaambia, kwa sauti ile ile aliyonifundishia, "Wekeni majembe chini. Msiwape sababu." Wakaweka, mmoja baada ya mwingine. Mlio wa chuma kikigusa jiwe bado hunijia nikiwa nimekaa tu. Gari likashuka mlima naye, na hakurudi.

Siku hizi msaragambo huitwa kwa ujumbe wa simu. Mzee Kajiru hakuipuliza tena pembe mpaka anakufa, wala hakuna aliyemwomba. Vijana hucheka kwamba zamani tuliitwa kama mbuzi, nami huwaeleza polepole, maana asiyeelezwa hana kosa. Ujumbe ukiingia, nachukua jembe la mama, ambalo majirani walilirudisha nyumbani siku ile. Nikifika ndivani husimama kwanza nikatazama barabara. Wenzangu nao husimama, bila kuambiwa, majembe mabegani, na hakuna anayeshusha lake mpaka nimeinama kuanza kazi.