Barua Kumi na Sita za Kiyoe

Kiyoe Hamasaki alikuwa na sauti ya kazi: nyororo, lakini inayofika hadi kiti cha mwisho cha basi. Kwa miaka ishirini na miwili aliwatembeza watalii wa siku moja mjini Kanazawa. Asubuhi bustanini, mchana sokoni kula kaa, alasiri kwenye maduka, jioni basi linaondoka nao. Alijua mahali pa kutua ili watu wacheke. Alijua choo kipi hakina foleni. Wenzake walisema hata akiwa na homa kali, wageni hawawezi kugundua.

Siku hiyo ya Novemba waligundua.

Kikundi kilitoka Nagoya, watu ishirini na sita, wengi wao wastaafu. Alipewa orodha ya majina asubuhi ileile, akaisoma akiwa amesimama kwenye maegesho, mwavuli ameubana begani. Jina la kumi na tisa likamsimamisha. Mayuko Kajita, miaka thelathini na mmoja, anasafiri peke yake.

Akina Mayuko ni wengi, na ukoo wa Kajita hakuujua. Lakini jina la huyu liliandikwa kwa alama ya Kijapani yenye maana ya kifukofuko cha kiwavi wa hariri, alama ambayo wazazi huikwepa kwa kuwa ina mistari mingi na mtoto hupata taabu kuiandika. Mama yake Kiyoe alifuga viwavi wa hariri. Kiyoe alipojifungua msichana, aliing'ang'ania alama hiyo mbele ya mama mkwe wake mpaka akakubaliwa. Ni kitu pekee alichowahi kushinda katika nyumba ile.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ukoo wa Tsuzuki, watengenezaji wa miso, kiungo cha soya iliyochachushwa, wa Nagoya. Mtoto alipofika miaka minne, mimba ya pili ya Kiyoe iliharibika, naye akashindwa kuinuka kitandani. Mama mkwe akamwambia, "Nenda kwenu upumzike mwezi mmoja. Mtoto tutakuangalizia." Mwezi ulipoisha akarudi, akamkuta mumewe mlangoni na karatasi za talaka, mtoto ameandikwa kuwa wa baba. Hakukaribishwa hata kuvua viatu. Alitia sahihi akiwa wima, karatasi ameiegemeza kwenye kabati la viatu, kwa sababu alikuwa amechoka, na kwa sababu waliomwambia kwamba hafai kuwa mama walikuwa wengi kuliko yeye.

Basi likafika. Wazee wakashuka wakinyoosha magoti. Wa mwisho alikuwa mwanamke mwenye koti la kijivu, na sehemu ya juu ya sikio lake la kulia ilikuwa imejikunja kidogo, kama la baba yake. Kiyoe akainama kuwakaribisha, akabaki ameinama hivyo muda mrefu kuliko desturi.

Bustanini mafundi walikuwa wakifunga misonobari kwa kamba ili matawi yasivunjwe na theluji. Hapo ndipo Kiyoe alipokuwa na mzaha wake maarufu kuhusu wanaume wanaohitaji kufungwa vilevile majira ya baridi. Aliuanza, akausahau katikati.

"Dada Kiyoe!" akaita Mzee Obata, aliyekuwa ameshajifanya mchekeshaji wa msafara. "Kwani leo umekimeza kipaza sauti?"

"Mwache mwenzio," mkewe akamkemea. "Wewe ndiye unayefaa kufungwa, tena kamba mbili!"

Watu wakacheka. Mwanamke wa koti la kijivu hakucheka. Alikuwa akimtazama Kiyoe jinsi mtu anavyotazama picha aliyoisikia ikisifiwa sana.

Mchana sokoni walikaa kwenye meza ndefu, kila mmoja na bakuli la wali lililofunikwa vipande vya samaki wabichi, na kaa jike mdogo mwenye mayai pembeni. Kiyoe alipita na birika akimimina chai. Alipofika kwa Mayuko chai ikamwagika mezani. "Samahani sana," akasema. "Si neno," Mayuko akajibu, akapangusa mwenyewe. Kaa wake hakuguswa.

Alasiri waliingia kwenye duka la dhahabu, ile inayopondwa mpaka iwe nyembamba kuliko karatasi. Wengine walikimbilia vipodozi na aiskrimu iliyofunikwa dhahabu. Mzee Obata alibandika dhahabu puani akapigwa picha. Mayuko alichagua vijiti vya kulia chakula, vifupi, vya mtoto, kisha akasogea dirishani alikosimama Kiyoe.

"Bi. Hamasaki. Unanijua mimi ni nani?"

"Tangu asubuhi."

"Na saa zote hizi ukatusimulia habari za misonobari."

"Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa. Lakini mimi nimepanda basi saa kumi na mbili alfajiri."

Mayuko akaongea kwa sauti ya chini, bila kusita, kama mtu aliyejifunza maneno yake njia nzima.

"Bibi alifariki mwezi wa tano. Kwenye kabati lake nilikuta kopo la biskuti. Ndani kuna barua kumi na sita, zote zimefunguliwa. Alikuwa anazisoma yeye. Za mwisho zinasema unawatembeza watalii hapa Kanazawa. Mimi niliambiwa kwamba uliondoka kwa hiari yako, kwamba mtoto alikuchosha. Nililia siku mbili. Nilimchukia bibi, na bibi ndiye aliyenilea. Halafu nikazipanga kwa tarehe. Kila mwaka mbili. Ya mwisho ni ya mwaka niliotimiza kumi na mbili. Ilikuwaje?"

Kiyoe angeweza kusema aliugua. Angeweza kusema alikata tamaa kwa kutojibiwa, na mtu yeyote angemwelewa. Lakini macho yale hayakuacha nafasi ya uongo.

"Niliolewa," akasema.

"Mume alikukataza?"

"Hapana. Aliniambia niandike tu. Ni mama yake ambaye hakujua kama nina mtoto, na tuliishi nyumba moja. Niliogopa jibu lako lije akiwa yeye ndiye anayepokea barua. Nikasema nitaandika mwakani."

"Mwakani."

"Ndiyo. Kisha nikasema hivyohivyo mwaka uliofuata."

Mayuko akatikisa kichwa polepole. "Nilidhani bibi alichoka kuzihifadhi. Nilitumaini hizo nyingine alizitupa. Nimekuja kukuuliza hilo tu."

Nyuma yao Mzee Obata aliuliza kwa sauti kubwa kama dhahabu ikimezwa hutoka ilivyoingia, na duka zima likaangua kicheko.

"Nisamehe," alisema Kiyoe.

"Sijui. Huenda ningekusamehe kama ungekuwa umekatazwa."

Kiyoe akatazama vile vijiti vifupi. "Una mtoto?"

"Wa kike. Miaka mitatu."

"Anaitwaje?"

Mayuko alivishika vijiti kifuani. Kisha akainama, kwa heshima, kama mtalii yeyote amshukuruye kiongozi wake. "Hilo sikuambii. Uniwie radhi. Asante kwa kututembeza leo, Bi. Hamasaki."

Jioni Kiyoe alisimama kwenye maegesho akipunga mkono, maana ndiyo kazi. Mzee Obata alipunga mikono yote miwili. Mayuko alikuwa amekaa upande wa pili wa basi. Lilipokata kona, Kiyoe aliendelea kuinama, mpaka mlinzi wa maegesho akaja kumuuliza kama mgongo umemshika.

Nyumbani alimkuta mumewe, Sadao, akimenya matunda ya kaki ya kuanika. Akamweleza yote, koti hajalivua. Sadao akaweka kisu chini.

"Ningekuambia uandike."

"Uliniambia."

"Mara moja. Mtu akiwa anaogopa, mara moja haitoshi." Akafuta mikono yake, akashindwa la kufanya nayo. Mama yake alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita, na tangu hapo hapakuwa na wa kumficha chochote. Hilo walilijua wote wawili, na hakuna aliyelisema.

Orodha ilikuwa na anwani ya Mayuko. Asubuhi Kiyoe aliishika mbele ya dawati la ofisi mpaka karani akanyoosha mkono, naye akaikabidhi bila kuinakili. Hakuwa na hakika kama ni heshima au ni woga uleule.

Wiki hiyohiyo alipokea kikundi cha Hiroshima. Bibi mmoja aliyechoka alimshika mkono kwenye ngazi za bustani, wakapanda pamoja taratibu.

"Dada, una watoto wewe?"

Miaka yote alikuwa akijibu hana.

"Ninaye mmoja," alisema. "Na mjukuu wa kike wa miaka mitatu."

"Hee, hongera! Umri mtamu huo. Anaitwa nani?"

Kiyoe alifungua mdomo. Wenzao walikuwa wameshafika juu, wanawasubiri. Akamwambia bibi aangalie ngazi, jiwe linalofuata linateleza.