Pipa Lisiloguswa

Kila Alhamisi mimi ndiye ninayeshuka Masasi kufuata asidi. Watu wa Newala wamekwisha kunizoea: mama wa makamo, mnene, amekaa mbele kwenye pikapu ya kukodi, kila baada ya kona anageuka nyuma kutazama madumu. Dereva hunitania kwamba hata mume simtazami hivyo. Mume yuko Mnyambe kwa dada yake, mwezi wa nane sasa. Namtaka nyumbani, lakini mpaka wiki iliyopita sikuwa na mdomo wa kumwambia arudi, kwa sababu nilijua ni nani aliyemponza.

Kazi yetu ni betri: za magari, za pikipiki, za sola. Asidi inakuja ikiwa kali, sisi ndio tunaoipunguza. Mume wangu ndiye aliyenifundisha kila kitu. Dumu lisijazwe mpaka shingoni, maana joto la njiani huifanya ipande. Lisimame wima ndani ya sanduku la mbao lenye mchanga, lifungwe kamba, na abiria wasikae nyuma pamoja nalo, wala gunia la unga lisiwekwe karibu. Nyumbani likae sakafuni, kwenye chumba chenye hewa, kamwe si juu ya rafu ambako siku moja utalishusha juu ya uso wako. Wakati wa kuchanganya, asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukimimina maji kwenye asidi, inachemka na kukurukia. Aliyasema haya kila siku, kidole juu, hata mbele ya wageni waliokuja kutusalimia tu. Nilichoka. Nilimwambia mara moja kwamba angeoa dumu, si mimi. Sasa ningetoa chochote nimsikie akiyarudia.

Majirani hawakumpenda sana, na kisa ni mambo mawili. La kwanza, dumu la asidi likiisha alilipasua kwa kisu hadharani, chini na ubavuni. Anayekaa Newala anajua dumu ni nini. Hapa maji yanasubiriwa, yanafuatwa mbali, yanafichwa chini ya kitanda, na dumu zima halikai siku mbili bila mwenyewe. Wanawake walisimama kumtazama akilipasua kama wanaotazama mtu anayemwaga chakula. Hakujali. Alisema mtu atalisuuza, ataona limetakata, kisha atamnywesha mtoto.

La pili lilikuwa pipa. Lilikaa mlangoni mwa karakana, limejaa maji safi mpaka juu, limefunikwa, kata imening'inia pembeni. Lilikuwa la macho na ngozi tu. Asidi ikikurukia, unajimwagia maji hapo hapo, mengi, kwa muda mrefu, huachi kwa sababu maumivu yamepungua. Haikungoji uende bombani, na bombani kwenyewe hakuna kitu. Hata kiangazi kile tulipooga kwa kikombe, pipa halikuguswa. Mimi mwenyewe nililala na jasho langu, pipa limejaa hatua kumi kutoka kitandani, na nilimchukia kidogo kwa hilo.

Kisha bibi wa nyumba ya tatu akafariki. Ilikuwa kabla ya mvua, mashine ya maji imeharibika, gari la maji halijapita kwa siku nyingi. Mume wangu alikuwa Masasi kufuata mzigo. Kwetu msibani mwanamke haendi mikono mitupu. Anakwenda na ndoo ya maji kichwani, kwa sababu kuna maiti ya kuoshwa na kuna wageni wa kupikiwa, na wageni wa bibi yule walikuwa wanatoka Chilangala kwa makundi. Mimi sikuwa na ndoo hata nusu. Nikafunua pipa, nikachota moja. Moja tu, nikajiambia.

Wanawake wakaona nilikotoka. Wakaja watatu, wakaja sita. Mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, wewe una maji mlangoni, na mwenzetu amelala ndani hajaoshwa." Ningesema nini? Kwamba maji haya yanasubiri ajali ambayo haijatokea? Ningewanyima, na siku yangu ikifika nani angenibebea maji? Nikasimama pale nikiwachotea mwenyewe, na sitadanganya, nilijisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza pipa lile lilikuwa na faida na mimi nilikuwa mtu wa watu. Likabaki tope la chini, kata mbili hivi.

Alirudi jioni amechoka. Nilitaka kumwambia. Nikamwandalia chakula, nikasema atamaliza kula kwanza. Akamaliza, nikasema anywe chai kwanza. Nikajipa moyo kwamba gari la maji litapita asubuhi. Asubuhi nikawahi msibani.

Nilikuwa napepeta mchele niliposikia naitwa. Dumu moja lilikuwa limevimba kwa joto la safari, na alipolegeza mfuniko likatema. Miwani yake ya kazi ilikuwa juu kwenye paji, alikuwa ameisogeza afute jasho. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya pipa, kata mkononi, anakwangua chini. Wanawake wa msibani wakaja mbio na walichokuwa nacho: birika, sufuria, maji ya kuoshea mchele. Maji yale yale yakawa yanarudi kwangu kwa vikombe. Jicho la kulia likapona. La kushoto likawa jeupe.

Hospitali daktari hakuuliza kwanza habari za dawa. Aliuliza alinawa kwa maji kiasi gani. Nikamwacha mume wangu ajibu, naye akasema, "Kidogo." Hakunitazama.

Kwetu mwanamume akiumia hivyo, dada zake na wajomba zake ndio wenye neno. Wifi akaja kutoka Mnyambe na gari, akanisalimu vizuri, akamfungia nguo, akaondoka naye akamuuguze kwao. Sikuzuia. Nilijua mume wangu anajua, na nilijua hatasema. Akapona kidonda, hakurudi. Kila simu aliuliza habari za betri, kisha akasema bado anapumzika.

Nikaifanya kazi peke yangu. Navaa mashati yake yenye vitundu vidogo vya asidi, yamekaa kama yameliwa na mende, na nayapenda kuliko gauni lolote. Mteja akisifu kazi nageuka kutafuta mtu wa kumwambia. Nimejikuta nainua kidole na kumwelekeza dereva jinsi ya kufunga kamba, kwa maneno yake yale yale, halafu nimeingia ndani kulia. Sikudhani mtu anaweza kutamani kukaripiwa, lakini ndicho nilichokitamani.

Wiki iliyopita nikapiga moyo konde, nikaenda Mnyambe. Wifi alikuwa uani na korosho zake.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Umekonda," akasema, na hilo kwangu ni uongo wa adabu. Akanionyesha mkeka alipokuwa amekaa mume wangu, kisha akaingia jikoni kutuwekea chai.

Nikakaa, nikasema yote kwa pumzi moja: msiba, ndoo, wanawake, chai ile ya jioni. Nikasema mimi ndiye niliyelitoa jicho lake.

"Asubuhi ile nililifunua pipa kabla sijagusa dumu," mume wangu akasema. "Niliona hakuna maji. Nikajua yamekwenda msibani, wapi tena? Mteja alikuwa amesimama, nikasema leo tu nitafungua dumu bila maji." Akajifuta jicho zima kwa kiganja. "Miaka yote nawasumbua na kidole changu. Nitarudi Newala nimwelekeze nani?"

Basi miezi minane tulikuwa tumefichana aibu, kila mtu na yake, na safari ya kutoka Newala mpaka Mnyambe wala si ndefu. Nilitaka kucheka, sikuweza.

Nilipopokea kikombe cha chai kwa wifi, shati likapanda mkononi. Mume wangu akageuza kichwa chote ili anione vizuri, akaushika mkono wangu.

"Hili kovu la nini?"

"Tone tu."

"Glavu ziko wapi?"

"Zilichanika. Navaa za kufulia."

"Za kufulia," akasema, na sauti yake ikapanda. Akaanza. Glavu za kufulia asidi inazila. Nani anashika sanduku upande wa pili wakati wa kushusha? Madumu nayaacha juani saa ngapi? Kidole kikasimama. Wifi akaja mlangoni kutazama kulikoni, akaniona natiririkwa na machozi mbele ya mwanamume anayenigombeza, akadhani tumeachana.

Chai ilipoa. Nilipoinuka kuwahi gari akaniambia, bila kunitazama, "Alhamisi usishuke Masasi peke yako."

Sikumuuliza maana yake, nisije nikaiharibu. Leo ni Jumatano. Tangu mchana nimefagia karakana mara tatu, na kila gari linalotoka upande wa Mnyambe natoka nje.