Sifuri Ishirini na Tatu za Makungu

Makungu wa Makunduchi alirudi Unguja mwaka sitini na nane na koti la sufu na ugonjwa wa kusahihisha watu. Miaka mitatu alikuwa Ujerumani Mashariki akisomea mambo ya kiini cha atomu. Ulibaki mmoja, akaitwa nyumbani likizo. Kurudi kumalizia kulitaka ruhusa, na ruhusa ilitaka fomu. Mkewe, Sichana, aliyekuwa akimnyonyesha Wanu wa miezi minne, tunda la likizo ya mwaka uliotangulia, aliiombea ruhusa ile kwa ajili ya mumewe na kuiogopa kwa ajili yake mwenyewe.

Hesabu za masomo yake Makungu alishamweleza mkewe. Unarusha chembe zenye chaji ya umeme kwenye bamba jembamba la dhahabu. Kila kiini kinazisukuma, zinapinda. Unatafuta eneo la shabaha, yaani kila kiini ni kikubwa kiasi gani kwa chembe zinazokilenga.

"Kama watu waliokosana wakikutana kichochoroni," Sichana akasema. "Wakikaribiana zaidi, ndipo wanapokwepana zaidi."

"Si hivyo hasa," akajibu Makungu, kisha akaeleza robo saa nzima jambo lile lile.

Fomu ilikuwa ile ile ya wafugaji na wavuvi. Safu ya mwisho iliuliza: Kiasi kilichopatikana. Makungu akaandika eneo lake kwa sentimita za mraba: sifuri, nukta, sifuri ishirini na tatu, kisha tano, moja, nane. Akazihesabu zile sifuri mara mbili kwa fahari.

Jumatano akaipeleka kwa Bwana Silima, ofisa wa ruhusa, aliyepiga mhuri kama mtu anayeua mende. Silima akazifuata sifuri kwa kidole mpaka kidole kikachoka.

"Ndugu Makungu, miaka mitatu, mavuno ndiyo haya?"

"Ndilo jawabu sahihi, bwana."

"Aliyesomea kuku kaandika mayai elfu nne. Wewe hata moja hujafika! Rudi Jumamosi na kitu."

Nyumbani Makungu akafoka kwamba jawabu halibadiliki kwa kumwogopa mjinga. Siku mbili hakugusa kalamu. Sichana alilijua la kusema, na alijua pia kuwa akinyamaza, mume atabaki. Ijumaa likamtoka.

"Baba Wanu, si uliniambia wenyewe mna kipimo chenu kidogo, kwa kuwa sentimita kwenu ni kubwa mno?"

"Tunacho."

"Kwa hicho ni ngapi?"

"Tano nukta moja nane," akasema, kama aliyeombwa aibe.

"Ni ile ile?"

"Ile ile."

"Sasa unagombana na nani?"

Jumamosi uso wa Silima ukachanua. "Alaa! Jumatano sifuri, leo tano na ushei!"

"Ni namba ile ile, bwana, kipimo tu ndicho—"

"Usijidharau, ndugu. Ulaya miaka mitatu hukupata kitu. Hapa siku tatu umepata tano. Tukurudishe kule ukaharibike?" Akapiga mhuri: ruhusa imekataliwa. Jumatatu aripoti ghala la karafuu, akaongeze mavuno.

Sichana aliposikia, moyo wake ulifanya jambo la aibu: ulifurahi kwanza, ukahuzunika baadaye.

"Ungenyamaza, Mama Wanu," Makungu akasema.

Sichana, aliyekuwa amesema asilolitaka ili mwenzake apate alitakalo, alimwekea Wanu mapajani.

"Mshike mwanao," akamwambia, "nikakutilie chai."