Kadi Chini ya Mkasi

Kwenye kadi hakuna wa kunigusa, muulizeni hata shemeji. Ila huyu fundi cherehani simwelewi. Katika mchezo wetu kila mtu anajijengea fungu lake kwa kununua kadi za mezani, na anagawiwa moja ya siri, ya kutumia mara moja tu. Yake anailaza kifudifudi chini ya mkasi. Ukitaka kumshambulia anaigonga kwa kidole chenye kastabini, anakohoa kidogo. “Piga tu, kaka. Unaogopa nini?” Mtu anayekubembeleza umpige ana jambo huyo.

Jana nilikuwa na kadi za kummaliza, na bingwa ndiye anayekalia kiti cha dirishani, yaani mimi. Akaigonga. Nikasita, nikanunua kadi nyingine. Zamu yake ilipofika akanimaliza kwa kadi za kawaida kabisa, akahamia kwenye kiti changu. Nikaifunua ile ya siri. Kumbe inafanya kazi raundi ya kwanza tu, ilishakufa zamani!

“Mbona hukuitumia?”

“Nimeitumia jioni nzima, kaka,” akasema, huku anatunga uzi kwenye sindano.

Leo ananipima suruali. Ncha ya futi nimeishika mwenyewe.