Moyo Wangu Ulipopigwa Picha

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mume wangu akiwa ameshazikwa, kifua kilianza kunibana kila nilipobeba gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka ufuoni Usenge. Kaka wa marehemu hakuhitaji kunipima. Alisema ni chira, ile laana inayomwandama anayevunja mila, na mila niliyovunja ilikuwa moja tu: nilikataa kurithiwa. Aliyetaka kunirithi ni yeye.

Daktari wa Kisumu alinisikiliza kifua, akasema huenda damu haifiki vizuri kwenye moyo wenyewe. Mashine ya kuhakikisha ilikuwa Nairobi. Asubuhi ya safari, shemeji akaja kusimama mlangoni.

"Shem, wewe hujatakaswa bado. Mjane hawezi lala nje ya boma. Ukilala huko, utarudi kwa sanduku."

"Basi uje unipokee stesheni," nikamjibu, nikachukua begi langu.

Watu husema nilikuwa jasiri. Nilikuwa na hasira. Nilitaka picha ya kumwonyesha huyo mwanamume ili aninyamazie.

Nairobi nilidungwa dawa yenye mionzi kidogo. Muuguzi alinieleza kwamba dawa hiyo husafiri na damu, na pale damu inapofika kwenye moyo nayo hukaa, kisha kamera huiona kutoka nje. Walinipiga picha ya kwanza nikiwa nimepumzika. Halafu wakanipandisha kwenye mashine ile unayotembea bila kufika popote, nikatembea mpaka kifua kikabana, wakanidunga tena. Baada ya hapo nikaambiwa nile mayai ya kukaanga na maziwa, ili dawa iondoke kwenye ini isiharibu picha. Mimi niliyekatazwa mafuta Kisumu nilikula yote, nikauliza kama yapo mengine.

Nikalazwa chini ya kamera, mikono juu ya kichwa, nikaomba. Sikuomba kupona. Niliomba waone kasoro, kwa sababu picha ikitoka safi shemeji angesema hata hospitali haikupata kitu, kwa hiyo ni chira. Ni vibaya mtu kumwomba Mungu ugonjwa, lakini ndivyo nilivyokuwa nimebanwa.

Kasoro ilikuwepo. Nikipumzika, damu ilifika kote. Nikijikaza, upande mmoja ulikosa. Daktari alisema mshipa umeanza kuziba, akanipa vidonge, akashangaa kuona natabasamu.

Nyumbani nilimpikia shemeji chai, nikampa ile picha. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaweka kidole pale palipofifia.

"Umeona hii giza hapa? Hii ndio chira yenyewe."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumbe ingetoka vyovyote angeisoma vilevile, na mimi nilikuwa nimekwenda mpaka Nairobi kutafuta ruhusa ya kusema hapana, neno ambalo lilikuwa langu siku zote. Nilijikasirikia kuliko nilivyomkasirikia yeye. Nikamnyang'anya picha.

"Shemeji, moyo wangu ni mgonjwa, na nitameza dawa. Lakini hata moyo huu ungekuwa mzima, nisingekutaka."

Alimaliza chai yake kwanza, kisha akasimama, akangoja pale mlangoni nimsindikize kama mgeni anavyosindikizwa. Nilibaki nimekaa.