Karatasi ya Kisima

Nilimkuta binti yangu bafuni anasugua meno kwa msasa.

Sitanii. Msasa wa seremala, kipande kilichobaki tulipotengenezewa mlango. Ana miaka tisa. Sinki limejaa mate yenye damu.

"Unafanya nini wewe?"

"Nayasafisha, baba."

Hapa nitasema kitu ninachokionea aibu. Sikumkumbatia. Nilimfokea, kwa sababu kwa miaka miwili nilishaamua kwamba huyu mtoto ni mvivu wa kupiga mswaki.

Mimi ni kinyozi. Kutwa niko mbele ya kioo nanadhifisha sura za watu, halafu mwanangu mwenyewe meno ya kahawia kama mzee wa sigara? Niliona wateja wananichora tu.

Nyumbani tulimwita Kicheko tangu mchanga. Shuleni wakampa jina lao, Kutu. Akaacha kucheka. Hata akiongea, kiganja kiko mdomoni.

Jirani yetu muuza mkaa ana watoto wanne. Maji anachota bomba la mtaa, foleni ndefu, ndoo kichwani. Watoto wake meno meupe pee. Hilo lilinichoma.

Maana sisi tulikuwa na kisima chetu. Nilikichimbisha mwaka aliozaliwa Kicheko. Maji yakaenda maabara, ikarudi karatasi yenye muhuri mwekundu. Nikaitia kwenye fremu, nikaitundika sebuleni. Mgeni hajakaa, tayari namwonyesha. Na wanangu niliwapiga marufuku kunywa maji ya jirani.

Baada ya ule msasa nikampeleka kwa daktari wa meno. Nilitaka amtie adabu.

Daktari akamchungulia, kisha akaniangalia mimi.

"Huyu anapiga mswaki kuliko wewe. Meno haya yaliharibika yakiwa bado ndani ya ufizi. Mnakunywa maji gani?"

"Ya kisima. Yamepimwa," nikajibu, kifua mbele.

"Floraidi, yale madini ya majini, ilikuwa kiasi gani? Kidogo inalinda meno. Ikizidi, mtoto mdogo ndiyo anakuwa hivi."

Nikamwambia karatasi yake ina muhuri. Akaniambia nikaisome karatasi yangu.

Jioni nikashusha fremu. Mke wangu alikuwa anamnywesha maji mwanetu mdogo wa mwaka mmoja. Nikafungua vibano vya nyuma, karatasi ikatoka, na chini yake kikakunjuka kipande nilichokuwa nimekisahau kabisa.

Fremu ilikuwa fupi. Fundi aliyeitengeneza aliniambia, "Kaka, huku chini kuna maandishi." Nikamjibu, "Kunja bwana, muhuri ukionekana inatosha."

Kicheko akainama, kidole kwenye mstari, akasoma taratibu kama wanavyofundishwa darasani:

"Floraidi imezidi kiwango. Maji haya wasinywe watoto wenye umri chini ya miaka minane."

Mke wangu akamnyang'anya mdogo kikombe. Mpaka leo hajanisemesha vizuri.

"Baba," Kicheko akauliza, "wakati huo mimi nilikuwa na miaka mingapi?"

Siku hizi napanga foleni bombani, nyuma ya muuza mkaa. Kwa mdogo, huenda tumewahi. Meno ya Kicheko ndiyo hayo, na nimeyasababisha mimi.

Kama na wewe umetundika karatasi ukutani, ishushe leo uisome mpaka chini. Yangu nilisomewa na mtoto, kiganja mdomoni.